Hukumu Tulishinda, Nguzo Zikabaki

Dada yangu hawezi kukalia kiti kilichochanika. Si maringo, hawezi tu, kama wengine wasivyoweza kulala mlango ukiwa wazi. Mpeleke popote, hospitali, benki, msibani, akiona sponji inachungulia kwenye kiti basi mkono unaingia mkobani wenyewe, inatoka ile sindano yake iliyopinda na uzi mnene, na kabla hujamaliza kusalimiana na wenyeji yeye keshapiga magoti anashona. Msibani nilimfinya. Akanijibu, "Marehemu angependa wageni wake wakae vizuri." Na marehemu mwenyewe hakuwepo kumkanusha.

Mtaani hawamwiti kwa jina. Ni Fundi Sponji, basi. Anavalisha makochi upya uani kwetu, mwisho wa kichochoro, na makochi yake nakwambia yanawashinda wenye nyumba kwa umri. Mimi mdogo wake nauza ndoo na mabeseni pale kichochoro kinapotokea barabarani. Yeye ana subira ya watu wawili, yake na yangu, kwa sababu mimi sikubakishiwa hata chembe. Mteja akiuliza bei mara ya tatu namwambia aende akachote maji kwa viganja.

Sasa, mama yetu ni mtu wa mwili mkubwa. Miguu ilimkatalia miaka kadhaa iliyopita, ila mdomo haujaugua hata siku moja. Hospitali walimpa kiti cha magurudumu, chembamba, kikawa kinamfinya nyonga mpaka anatoka alama. Dada akakiangalia kile kiti siku nzima. Kesho yake akakivunja. Akachukua magurudumu, akajenga kiti kipya juu yake: mbao ngumu, sponji nene, mgongo wa kuegemea, na mikono mipana ya kuweka kikombe cha chai. Kochi la mtu mmoja, lenye magurudumu. Mama alipokalia mara ya kwanza alifumba macho akasema, "Sasa hapa ndipo nilipo."

Kila alasiri nilikuwa nafunga duka kidogo namsukuma hadi barazani kwa fundi redio, ng'ambo ya barabara, wanapokaa wenzake wa rika lake. Pale hapakusalimika mtu. Nani kaoa, nani kaachwa, nani kanunua gari na nyumbani hana sufuria. Mama alirudi jioni uso unang'aa kama aliyepakwa mafuta, na habari za kututosha mpaka kesho.

Halafu manispaa wakaja kutupandia nguzo.

Watu walikuwa wamelalamika kwamba pikipiki zinaingia kichochoroni mbio na zitagonga watoto. Kweli zilikuwa zinaingia. Basi siku nimekwenda kununua mali ya duka, wakaja mafundi na Injinia wao, wakachimba mdomoni mwa kichochoro, wakasimika nguzo tatu za chuma kwenye zege, wakafuta mikono wakaondoka. Pikipiki zikakoma. Mtu anapita, mnene ajibane kidogo. Kiti cha Mama hakipiti, ng'o, na njia nyingine ya kutokea hatuna. Nilikisukuma kwa hasira zangu zote, kikakwama, Mama akaniambia, "Mwanangu, hiyo nguzo haina masikio."

Vijana wa mtaa wakajitolea kumbeba. Wakambeba. Mmoja akateleza, mwingine akacheka, Mama akaning'inia upande pale juu na kitambaa cha kichwani kimemwanguka, watu wazima na watoto wanatazama. Walipomrudisha kitini alijifunga kitambaa chake upya. "Mimi si kabati," akasema. "Nitatoka kwa magurudumu yangu au sitoki."

Na kweli hakutoka. Mwanzoni alikuwa ananiuliza kila jioni, wamesema nini leo kwa fundi redio? Nikawa namletea vipande vipande. Baadaye akawa haulizi. Akawa anakaa dirishani anatazama ukuta wa jirani. Mama yetu, mwenye mdomo ule, anatazama ukuta! Hapo ndipo Dada alipoweka sindano chini, akaenda kumtafuta wakili wa wale wanaosaidia watu bure.

Sitawachosha na mambo ya kesi. Niseme moja tu. Siku ya kusikilizwa, Dada alikifungua kiti vipande vipande ili kipite kwenye nguzo, akaenda kukiunganisha mbele ya hakimu. Wakili wa manispaa akaruka kama aliyeokota lulu. "Mheshimiwa, kumbe kiti kinafunguka! Basi tatizo liko wapi?"

Dada akamtazama kwa upole. "Kiti kinafunguka, mheshimiwa. Mama hafunguki."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na hakimu akajifanya anakohoa. Hukumu ikatoka: njia ndiyo inayomfuata mtu, si mtu kuifuata njia, na manispaa waziondoe zile nguzo ndani ya mwezi mmoja. Niliruka, nikamkumbatia mtu nisiyemjua, nadhani alikuwa askari. Tukaenda kumwambia Mama. Akaagiza gauni lake la kutokea lipigwe pasi, likatundikwa mlangoni tayari.

Mwezi ukapita. Gauni limetundikwa, nguzo zimesimama.

Mimi damu ilinichemka. Nilikuwa namfahamu kijana mwenye mashine ya kukatia chuma, nikamwambia Dada, usiku mmoja tu, asubuhi hakuna nguzo, mchezo umekwisha. Akakataa. "Ukizikata wewe, mshitakiwa utakuwa wewe. Watasahau kabisa kwamba waliamriwa wao." Nikamwambia wametudharau, wamemdharau na hakimu, wanakaa kule wanatucheka. Akasema, "Inawezekana. Ngoja niende nikaone wanavyocheka."

Akawa anakwenda. Asubuhi anavaa, anachukua mkoba, anakwenda manispaa, anakaa mapokezi, anaomba kumwona Injinia. Injinia yuko kikaoni. Injinia katoka sasa hivi, mmepishana. Njoo kesho. Nenda rudi, nenda rudi. Sasa mapokezi ya manispaa, Mungu awasaidie, viti vyao vyote vilikuwa vimepasuka matumbo. Mnajua kilichotokea. Wiki ya kwanza alishona kile alichokalia. Halafu cha pembeni. Mhudumu wa mapokezi akaona hivyo akatoa chake, maana kilikuwa kinamchana soksi. Wa masijala wakasikia, wakaanza kushusha viti kutoka ghorofani mmoja mmoja, eti Fundi, samahani, na hiki? Nilipojua nilitaka kupasuka.

"Yaani wanakunyima haki yako na wewe unawashonea viti?"

"Kiti hakijaninyima kitu," akasema.

Siku moja, nikiwa dukani, nikaona gari la manispaa limesimama. Wakashuka mafundi wawili wenye ovaroli. Nikatupa beseni la mteja, nikakimbia uani napiga kelele, Mama, wamekuja, vaa! Tukamvalisha gauni, Dada akamfunga kitambaa kizuri, tukamsukuma mbio mpaka kwenye nguzo. Tukawakuta wale mafundi wamechuchumaa na brashi. Wanazipaka rangi nyeupe.

"Nyinyi!" nikasema. "Mnafanya nini?"

"Tumeambiwa tuje tuziangalie nguzo, zina malalamiko," akasema mmoja. "Tumeziangalia. Rangi ilikuwa imechakaa."

Mama akacheka. Nawaapia, alicheka mpaka kiti kikatikisika, na mimi nikacheka kwa kuambukizwa, hadi nilipomwona anajifuta macho na ule haukuwa mfuto wa kicheko. Akasema, "Nirudisheni ndani, gauni lisipate rangi."

Kesho yake nilimfuata Dada manispaa. Aliniomba nikae nyumbani, nikamwambia thubutu. Kufika mapokezi tukamkuta mtunza stoo anamsubiri na kiti chake mkononi, mzee mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Wakati Dada anakishona, nilimrukia yule mzee. Nikamuuliza hivi nyinyi watu mna nini, hakimu kasema ziondolewe, nyie mnaleta rangi, mnatuona mazuzu?

Mzee akatazama huku na huku, akasogea.

"Binti, hakuna anayewachukia hapa. Hukumu ilifika kwa wakili wetu. Wakili hakutaka kuandika ng'oeni, akaandika zishughulikiwe. Injinia akapokea, akaandika ziangaliwe. Msimamizi akawaambia vijana, kaziangalieni. Ndiyo rangi hiyo."

"Na huyo Injinia mdomo wake unauma akisema ng'oa?"

"Alizipanda mwenyewe. Akizing'oa ataulizwa kwa nini alizipanda. Na mimi nikipokea chuma cha umma kilichong'olewa nitaulizwa kimeharibika nini, na nani kakiharibu. Aliyekuwa stoo kabla yangu aliambiwa kwa mdomo aondoe geti fulani, akaliondoa. Wakaguzi walipokuja, aliyemwambia akaruka futi mia. Mzee wa watu akafukuzwa kwa wizi wa geti." Akashusha pumzi. "Kumtii hakimu ni rahisi. Hakimu yuko mbali. Mkaguzi anakuja kila mwaka."

Mimi nilikuja nimejiandaa kupigana na watu wabaya, nikakuta waoga. Na mwoga utampigaje? Nilikasirika zaidi, nikasimama katikati ya mapokezi, nikapaza sauti nyumba nzima isikie.

"Basi semeni! Tunataka nguzo zetu tatu ziondoke! Yeyote azichukue, mkitaka azile!"

Viti vyote vikanigeukia, vyote vimeshonwa. Dada akainamisha kichwa kwa aibu. Na pembeni yake, mama mmoja mnene mwenye mkoba wa madaftari, ambaye tangu tufike alikuwa anapiga naye soga kama watu waliozaliwa pamoja, akageuka polepole.

"Nguzo?" akasema. "Nyinyi mna nguzo?"

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule nyuma ya soko. Magari ya mizigo yalikuwa yanakatiza uwanjani kwake wanafunzi wakiwa mchezoni, na tangu mwaka juzi anaomba manispaa wampe nguzo za kuziba ile njia. Anaambiwa hakuna nguzo. Njoo kesho. Kwa hiyo hawa wawili, jamani, wamekaa bega kwa bega wiki na wiki, wamekwisha kuambiana habari za wajukuu, presha, na namna ya kutoa doa la chai kwenye kitambaa, na hakuna aliyemwuliza mwenzake, wewe umekuja kutafuta nini?

"Nilidhani unafanya kazi hapa," Mwalimu Mkuu akamwambia Dada. "Kila nikija nakukuta unashona."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye unayekagua madaftari yao," akasema Dada.

Mtunza stoo akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Kuhamisha," akasema taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Zikihamishwa kutoka hapa kwenda pale, hazijang'olewa. Hazijaharibika. Hazijaingia stoo kwangu. Zimehama."

Tulipanda ngazi wanne, Mwalimu Mkuu mbele, na Injinia hakupata pa kutokea. Nilikuwa nimemtengenezea sura kichwani mwangu, kitambi na dharau. Alikuwa mtu mwembamba, mdogo kuliko nilivyodhani, mezani kwake chakula kimepoa hajala. Akatusikiliza huku anaangalia dirisha. Mwalimu Mkuu alipofika kwenye lile neno, Injinia akageuka. Akalirudia mwenyewe. Kuhamisha! Uso ukamfunguka, akatafuta kalamu mfukoni, ikakosekana, nikampa yangu. Alisaini palepale.

Nikiwa nashuka nilimwambia Dada kwamba hii si haki. Tulishinda kesi, sasa tunapewa kama zawadi. Sijui kama alinisikia. Alikuwa amesimama kwenye ngazi anatabasamu peke yake.

Siku ya kuhamisha walikuja kweli, na safari hii kwa sululu na mitaimbo. Injinia alikuja pia, na mpiga picha wa manispaa. Mtaa mzima ukatoka. Nguzo ya mwisho ilipolazwa garini na mashimo kufukiwa, Injinia akajikohoza, akasema kwamba manispaa, kwa kujali na kusikiliza kilio cha wananchi wake, imeamua—

Nikafungua mdomo. Hakimu ndiye aliyeamua! Lakini neno halikutoka, kwa sababu Dada alikuwa amesimama juu ya mguu wangu, kwa uzito wake wote.

Mama alikuwa amekaa pale katikati ya kichochoro, gauni limepigwa pasi upya. Akamsikiliza Injinia mpaka mwisho, tena akapiga makofi. Kisha akamwita kwa kidole.

"Mwanangu, ndiye wewe Injinia?"

"Ndiye mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo basi unisukume. Binti zangu wamechoka kukusubiri."

Watu wakacheka. Angefanyaje, na kamera iko usoni? Akashika mpini, akasukuma. Kiti kikapita pale nguzo zilipokuwa, bila kugusa upande huu wala ule, na nilisikia mtaa mzima unashusha pumzi. Mimi nilikuwa ubavuni, ndiyo maana nikasikia alichosema alipoinama, chini chini, mpiga picha asisikie.

"Mama, siku ile nilipima kwa kupita mimi mwenyewe. Nilipita, nikaona panatosha. Nisamehe."

Neno hilo mahakamani halikusemwa. Wakili wake hakulisema, barua zao hazikulisema, na hakimu na nguvu zake zote asingeweza kuliamrisha litoke. Hasira niliyokuwa nimeibeba muda wote ule ilinishuka, nikabaki sijui mikono niiweke wapi.

"Ulipita vizuri tu, mwanangu," Mama akasema. "Mwembamba wewe. Haya, sukuma."

Barazani kwa fundi redio wenzake walikuwa wamesimama, wanaoweza kusimama, wanampungia. Nikadhani ndipo tunapoishia. Mama akawapungia naye akapaza sauti, "Nakuja! Msimalize habari!" Halafu akamwambia Injinia asisimame.

"Twende wapi, Mama?"

"Kwenu. Kazini. Mwanangu amekaa kule mpaka viti vyenu vyote vimepona, na mimi mwenyewe sijapaona."

Si mbali, mitaa miwili, ukiwa na miguu. Kwa magurudumu ni safari. Kwenye ukingo wa barabara ilibidi Injinia na mimi tuinue upande mmoja mmoja. Mbele, mfuniko wa mtaro haupo, tukazungukia katikati ya magari. Shati likamlowa. Alikuwa anatazama chini njia nzima, na kila penye shida akawa anaiona kabla yangu, anasema, "Na hapa pia," mara ya kwanza kwa mshangao, baadaye kwa sauti ndogo. Mama alikuwa anasalimia watu kushoto na kulia, wengine hata hawajui.

Tukafika. Mlango wa manispaa uko juu ya ngazi, ngazi pana nzuri zenye marumaru, na hakuna njia nyingine. Injinia akasimama. Akatazama upande wa kulia wa jengo, akatazama wa kushoto, mahali ambapo amefanya kazi miaka yote hiyo, kama mtu anayetafuta mlango aliouacha hapo jana. Kuna methali ya nyani ilinifika ulimini. Nikaimeza.

"Hapapitiki," akasema.

"Mimi nakaa hapa kivulini," Mama akamwambia. "Kiti ninacho. Wewe ingia tu."

Akapanda mbio. Nikasikia mhudumu wa mapokezi anamwuliza amwite nani, na yeye anajibu asimwite mtu. Nikasema basi, keshapotea, kaingia kikaoni. Akatoka na futi ya kupimia. Akapiga magoti pale chini, suruali yake ya ofisini kwenye vumbi, mbele ya wafanyakazi waliokuwa wanachungulia madirishani, akapima ngazi ya kwanza, akapima ya pili. Halafu akageuka, angali amepiga magoti, akasogea mpaka kwenye kiti, akainua macho.

"Mama, naomba nikipime na hiki kiti."

Nilitaka kucheka nikajikuta nalia, mbele za watu, mimi ninayeogopwa na soko zima. Mama akainua mikono yake akaiweka mapajani ili isimzuie.

"Pima tu, mwanangu," akasema. "Hakiumi."